Magunia ya maji hayo, yateremsheni

Juzi saa nane mchana nilipigiwa simu na kijana wa mtaa wa pili hapa Fuoni, Unguja. "Mama njoo, kuku wanatweta." Nilikwenda mbio. Nikakuta banda la bati, broila mia na hamsini wa wiki tano, magunia yanayochuruzika maji yametundikwa pande zote nne, na mwenzake kashika bomba la mgongoni anapuliza manyunyu ya maji ndani. Hata shikamoo zao sikuziitikia, nilianza kuyang'oa magunia. Walidhani nimekasirika. La, wanangu. Niliyaona yangu ya mwezi wa Machi mwaka 2016 yanarudi mbele ya macho yangu. Basi haya ni yenu nyinyi wawili na wote mlioanza kufuga mwaka huu, maana joto limeshashika na simu zitaendelea kuja.

1. Banda. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi, jua lipige ncha na lisipige ubavu. Ukuta uishie magotini, juu yake wavu mtupu mpaka dari. Makuti yanashinda bati, na aliyekwisha kuezeka bati atandike makuti juu yake. Idadi mnayoweka wakati wa kusi msiiweke wakati wa kaskazi. Punguzeni.

2. Maji. Siku za kawaida kuku hunywa kiasi cha mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na joto likipanda hufika hata mara nne. Sasa wewe una tangi jeusi juu ya dari, mchana maji yanatoka yakiunguza mkono, halafu unaniambia kuku wako hawanywi kwa sababu wanaumwa! Hawanywi kwa sababu maji ni ya moto. Mama mkwe wangu kule Makunduchi alikuwa na mtungi wa udongo chini ya mwembe, anaujaza usiku, mchana anawachotea kuku kwa kata ya kifuu. Wale kuku walikuwa hawaondoki pale mpaka alasiri. Mtungi mmoja wa namna hiyo unakutosha kuanzia.

3. Chakula. Wape alfajiri, ondoa vyombo saa tatu, rudisha saa kumi na moja jioni. Chakula tumboni nacho kinazalisha joto.

4. Magunia. Hapa nisikilizeni.

Mtoto wa kaka yangu anaishi Nizwa, Oman, ndani kule, mbali na bahari. Kiangazi cha kule joto hupita nyuzi 40. Aliniambia kwamba wao hutundika magunia yaliyorowa, upepo ukipita unaingia bandani umepoa, kuku wanakaa vizuri. Hakusema uongo. Nguo ukiianika Nizwa, hujamaliza kuanika ya pili ile ya kwanza imeshakauka. Hewa yao kavu inakunywa maji, na katika kuyanywa inapoa. Mimi sikuuliza kama hewa ya Fuoni ina kiu hiyo.

Kuku hana jasho. Joto la mwili wake ni kiasi cha nyuzi 41, na njia yake kubwa ya kulitoa ni kutweta, unyevu wa kooni ukauke na kuondoka na joto. Ikiwa hewa imeshajaa maji, kama hii yetu ya kisiwani, unyevu ule haukauki. Anatweta, anachoka, na kutweta kwenyewe kunamzidishia joto.

Siku yangu ile ya Machi 2016 ilikuwa tangambili, kaskazi imekwisha na kusi haijaingia, majani ya mnazi hayatikisiki. Nilikuwa na kuku mia mbili wamekaribia kilo mbili, nimebakisha siku nne kuwauza. Saa sita niliwapa chakula washibe. Kisha nikatundika magunia kila upande, nikayamwagia maji, na maranda nayo nikayalowesha, nikafunga mlango, nikaingia ndani kuswali Adhuhuri na kujinyoosha kidogo. Niliamshwa na ukimya. Banda la kuku mia mbili halinyamazi.

Walikuwa wamelundikana pembeni, mbawa wazi, midomo wazi. Nikapiga kelele na kuwafukuza watoke nje, na wengine wakaanguka wakati wa kukimbizwa huko, kwa sababu kuku aliyefika hapo hana nguvu ya hatua kumi. Niliowahi kuwachinja ni kumi na mmoja. Waliokufa ni themanini na nne. Akaja mtu kutaka kuwanunua kwa bei ndogo, nikamwambia hiyo ni nyamafu, siiuzi. Nikachimba shimo.

Lililoniuma zaidi si hilo. Jirani yangu aliponikuta na jembe akaniuliza kuku wamefanya nini, nilimjibu, "Mdondo," ule ugonjwa wa kuku wa kuambukiza. Niliona haya kusema nimewaua mwenyewe, mimi niliyekuwa nikifundisha wenzangu kwenye kikundi. Neno lile likazunguka mtaa mzima. Kesho yake yeye alikuwa ameshauza matembe wake tisa wa kienyeji, wote wanataga, kwa bei ya kutupa, akiogopa wasije wakafa mkononi mwake. Tisa. Mayai yao ndiyo yaliyokuwa yakinunua madaftari ya skuli ya wanawe. Nilikaa na jambo hilo wiki tatu kabla sijamwendea na kumwambia ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, ungeniambia tu." Nilimlipa kidogo kidogo mpaka akapata wengine, lakini sentensi ile ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo: fungua pande zote, upepo upite. Kama una feni, iweke chini usawa wa kuku. Walio hoi watoe mmoja mmoja, taratibu, kivulini, tumbukiza miguu yao kwenye maji ya baridi. Na ukiulizwa wamekufa na nini, sema joto.

5. Wenye kuku wa mayai. Ganda likiwa jembamba wakati huu, ni ule ule mtweto, unaondoa damuni kitu ambacho ganda linakihitaji. Twanga makombe ya chaza, wape jioni, kwani ganda hutengenezwa usiku.

6. Vifaranga. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, na mchana wa kaskazi chumba chenyewe kinakaribia hapo. Watazame wao: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kuta midomo wazi wanaungua. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, jamani, hapana!

7. Chanjo. Ratiba mnaijua. Mchanganye alfajiri, maji yasiyo na dawa ya klorini, na chupa isafiri ndani ya barafu. Sijui mara ngapi nimeona chanjo imefungwa kwenye pembe ya kanga.

8. Kuuza. Usimshike kuku mchana. Wale vijana wamebaki na mia na arubaini na watatu, Ijumaa wanawapeleka sokoni Mwanakwerekwe. Tutawashika saa kumi alfajiri, kumi kumi kwa tenga, na tochi nitaishika mimi.