Kuku wanakufa ghafla: ni kideri, mafua ya kuku au mafua ya ndege?

Mkuu, umesema kuku 11 wamekufa ndani ya siku mbili, jirani anakuambia ni mafua ya ndege, na mama watoto anataka waliobaki wachinjwe kabla hawajafa. Nianze na hilo la mwisho: kisu kiwekeni chini kwanza.

Nafuga kuku wa kienyeji Muleba, si mbali na ziwa. Januari 2017 redio zilitangaza kwamba ndege pori wamekutwa wamekufa ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Entebbe, kisha zikafuata habari za bata na kuku wa Masaka, hukohuko Uganda. Kwetu Masaka si ugenini. Mtu anavuka mpaka wa Mutukula asubuhi, jioni yuko kwake. Mwezi huohuo kuku wangu wakaanza kuzubaa. Kinyesi kijani, mabawa yameshuka, mmoja shingo imepinda kabisa. Nilikuwa nao 90 hivi. Siku ya nne nilihesabu 28 waliobaki.

Na mimi nilifanya hicho mnachotaka kufanya. Niliwawahi wanne kwa kisu, watoto wakanyonyoa, manyoya na matumbo tukatupa migombani. Bata wa jirani wakaja kuchokoachokoa pale. Nyama ikiiva vizuri kirusi cha mafua ya ndege hufa, hilo ni kweli, lakini hatari haiko sufuriani. Iko kwenye kuchinja na kunyonyoa: damu, kinyesi, vumbi la manyoya puani. Na kazi hiyo huku kwetu tunawapa nani? Watoto. Nilikosa usingizi mpaka afisa mifugo aliporudi na majibu ya sampuli: kideri. Nilishukuru Mungu huku banda likiwa karibu tupu.

Sasa hayo majina yanatuchanganya. Mafua ya kuku tuliyoyazoea, uso kuvimba, macho kuziba, makamasi yenye harufu, ni ugonjwa wa bakteria na dawa zake zipo dukani. Mafua ya ndege ni kirusi, ni jambo jingine kabisa, na dawa ya kumtibu kuku hakuna. Kideri (wengine mnaita mdondo) nacho ni kirusi, hakina tiba. Mwarobaini, shubiri na pilipili nimewanywesha wote na wakafa wote. Tatizo ni kwamba kideri kikali na mafua ya ndege makali, kwa macho, vinafanana. Vifo vya ghafla, kichwa kuvimba, upanga kuwa wa zambarau: hata afisa hawezi kuapa bila maabara. Kwa hiyo jirani yako anabahatisha, na mimi nikikujibu ni kideri nitakuwa nabahatisha vilevile, ingawa vijijini kideri ndicho kinachotumaliza mara nyingi zaidi.

Ndiyo maana siku hizi sikosi chanjo ya kideri iitwayo I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Naipenda kwa sababu moja ambayo watu hawaisemi: kuku waliochanjwa kideri wakianza kufa kwa makumi, unajua hapo kuna jambo, unapiga simu siku hiyohiyo. Wasiochanjwa, kila mtu anasema "aah, ni msimu wake," na siku mafua ya ndege yakija kweli nayo yatapita kwa jina hilohilo.

Kingine, umegusia vifaranga vya bei poa vilivyokuja usiku bila kibali. Mwaka huohuo wa 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto mpakani Namanga kwa hofu hii hii ya mafua ya ndege. Mimi ule uchomaji sikuupenda, ila kuingiza kuku usiojua walikotoka ni kamari.

Kwa sasa fungia waliobaki, usiuze hata mmoja, usimgawie shemeji jogoo, viatu vya bandani viishie bandani. Akitokea mtu wa nyumbani na homa au kifua, aende hospitali na aseme aligusa kuku wagonjwa. Waliokufa wazikeni shimo refu, ila wawili wa leo wafunikeni mbwa wasiwafikie. Afisa mifugo atawahitaji kwa sampuli. Umeshampigia?