Bia za Chicago: nianze na ipi?

SWALI: Shikamoo mama. Mwezi wa saba naenda Chicago kumtembelea dada yangu, na shemeji ameahidi kunizungusha kwenye viwanda vidogo vya bia vyenye baa humohumo ndani. Mimi nimezoea Balimi na Kilimanjaro tu. Nianze na ipi? Na nikiomba kuonyeshwa mitambo, sitaonekana mshamba?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimestaafu nikitokea maabara ya kiwanda cha bia hapahapa Mwanza, kwa hiyo swali lako limenifurahisha kweli.

Mwambie shemeji akupeleke Ravenswood, eneo ambalo wenyeji wanaliita Malt Row, yaani Mtaa wa Kimea, kwa wingi wa viwanda vyake. Dovetail na Begyle ni majirani, unatoka huku unaingia kule kwa miguu. Anza Dovetail, na uagize lager, aina ileile ya bia nyepesi kama Kilimanjaro na Balimi zako. Najua utatamani kukimbilia usiyoyajua, lakini lager umeinywa tangu ujana, ulimi wako una pa kulinganishia. Tena lager haina pa kufichia kosa. Haina hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, wala kimea kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi. Hamira ikichoka, unaisikia papo hapo. Usiinywe ikiwa ya baridi kali. Sisi tunapenda chupa inayotoka jasho, na baridi hiyo inaua harufu. Shika glasi mkononi kidogo, uinuse, ndipo upige funda. Utasikia harufu ya mkate uliotoka jikoni: hiyo ndiyo shayiri.

Kuhusu mitambo, omba bila haya. Dovetail wana chombo kipana chenye kina kifupi, kisichofunikwa, ambamo maji matamu ya kimea humwagwa yangali moto yapoe. Kwa baadhi ya bia huyaacha hamira za hewani ziingie zenyewe, halafu yanakaa muda mrefu kwenye mapipa ya mbao mpaka bia inakuwa chachu. Kwenye viwanda vikubwa huwezi kukiona chombo hicho.

Ukimpata mpishi wa bia mwenyewe, muulize anayatengenezaje maji yake. Chicago inakunywa Ziwa Michigan kama sisi tunavyokunywa Ziwa Victoria. Maji yetu ni laini zaidi, yana madini machache, na mpishi wa bia huku hulazimika kuongeza kalsiamu ili kimea kifanye kazi vizuri. Mpishi anayeipenda kazi yake atakueleza mpaka shemeji achoke kusubiri. Hata akina mama wanaopika pombe ya mtama huku Usukumani, waulize habari za kimea uone kama watakuruhusu uondoke mapema.

Kilevi, hapo nakusihi. Kilimanjaro ina asilimia 4.5. IPA za kule, bia chungu zenye hopsi nyingi, huanzia 6 hivi, na Bourbon County, bia nyeusi nzito ya kiwanda cha Goose Island, inayolazwa kwenye mapipa yaliyotoka kuhifadhi wiski, inafika karibu 14. Hiyo mnywe glasi moja ndogo watu wawili, tena mwishoni. Sehemu nyingi zinakuuzia glasi ndogondogo nne au tano kwenye ubao mmoja, agiza hizo. Na ule kwanza, maana baa hizi nyingi hazina jiko.

Pasipoti iwe mfukoni; umri wa kunywa ni miaka 21, na hata mwenye mvi anaweza kuulizwa. Mhudumu muachie asilimia 15 hadi 20 ya bili, ndiyo desturi yao. Gari la shemeji libaki nyumbani: pandeni treni ya mjini ya Brown Line, mshuke kituo cha Irving Park.