Nikitoka mu nyumba juu bwana ananipiga, nyumba inabaki yake?

Swali kwa avoka: Metre, bonjuru. Niko mama wa watoto wane, tunaishi Lubumbashi, komini ya Ruashi. Bwana alitoa mahari 2011, mwaka ule ule tukaenda kuandikisha ndoa ku komini. Parseli tulinunua 2014, tukajenga kidogo kidogo, mimi nauza unga ku soko, yeye anatumika ku mine. Fishi ya parseli, ile karatasi ya kartie, iko kwa jina lake. Toka mwaka jana ananipiga, mwezi huu alinivunja jino. Akilewa anasema toka, nyumba ni yangu, ukivuka ule mlango umeacha ndoa na hautarudisha mguu hapa. Kwetu wanasema nivumilie juu mahari ilishakuliwa. Sasa nikitoka nimepoteza nyumba? Na nitalala wapi, kila mwenye nyumba anauliza bwana yuko wapi?

Jibu: Mama, pole sana. Nikuambie mara moja: kutoka hakukunyanganyi nyumba. Mlango si notere, ukiuvuka haujasaini kitu. Kitu kinaweza kukuponyoka ni makaratasi, njo maana kila mama anayekuja ku biro yangu na shida kama yako namuambiaga makaratasi yatangulie kutoka, wewe na watoto mufuate. Lakini kama usiku wa leo unaona panga ao petroli, acha makaratasi, kimbia, yale tutayatafuta kisha.

Nguvu yako iko mu ile siku mulienda ku komini. Ofisa wa eta sivile aliwauliza habari ya rejime ya mali, maana yake vitu vya ndoa vitakuwa vya nani, watu wengi hawasikiagi hata swali, wanawaza foto na fanta. Kama hamkuchagua, Kode ya familia ya Kongo, ya 1987, ile ilirekebishwa 2016, inawaweka yenyewe mu komunote ya vitu mulivyopata mukiwa mu ndoa. Parseli ya 2014 imeingia humo. Haijalishi jina gani liko ku fishi, haijalishi mshahara wa mine njo ulinunua mabriki, juu wakati mshahara ulikuwa unanunua mabriki, unga wako njo ulikuwa unalisha watoto na kulipa shule. Na kuuza ile nyumba hawezi bila wewe kukubali, hata kama mulichagua rejime ingine. Angalia tu ku akti yenu ya ndoa waliandika nini, ni mstari mdogo, nitauomba siku ya kwanza.

Sasa ile fishi inanitia wasiwasi kidogo. Kwa sheria ya ardhi ya 1973 udongo ni wa Serikali, na karatasi yenye nguvu kabisa ni sertifika ya anrejistreman inayotoka kwa konservateri wa titre imobiliere, ofisa wa Serikali anayechunga makaratasi ya ardhi. Fishi ni ya chini, na ubaya wake ni kwamba jina lake linabadilika mbio, bia mbili na sahihi moja ku kartie basi. Niliwahi kumfuata mama moja, alienda kwa dada yake wiki tatu ili uso upone, aliporudi akakuta mtu anapima ukuta na metre ya chuma, ni muachetaji. Tulimpigania, nyumba haikuenda, lakini ilikula mwaka mzima na kitu. Kwa hiyo andika barua ya kupinga kuuzwa kwa parseli, moja kwa burgmesta, moja kwa shefu wa kartie, moja ku servisi ya abita, na kama kuko sertifika basi kwa konservateri pia. Sema tu: mimi bibi wa ndoa iliyoandikishwa, nyumba hii ni ya wote wawili, sikubali iuzwe. Kopi yako irudi na kasheti na tarehe, bila kasheti ni karatasi ya kufungia karanga.

Makaratasi gani? Piga foto ya fishi, kontra ya kununua parseli, resi za sima kama zingaliko, akti ya ndoa, akti za kuzaliwa za watoto, karte yako ya elektere. Tuma kwa mtu ambaye bwana hashikagi simu yake, kisha futa ku simu yako, na futa pia mahali picha zilizofutwa zinakaa. Orijinali usizitoe zote siku moja, atajua. Kuko mama moja aliniletea akti yake ya ndoa imekunjwa mara nne ndani ya kipande cha kitenge, inanuka samaki ya chumvi, miezi miwili alikuwa anaificha chini ya kikapo chake ku soko. Jaji aliisoma vile vile, alikunja tu pua.

Lile jino nalo, usiliache lipite. Enda ku hospitali hata kama ni wiki mbili zimepita, Sendwe ao santre ya karibu, waambie nani alipiga, usiseme ulianguka ku duche, juu daktari anaandika kile umesema na kesho avoka wa bwana atakisoma mbele ya jaji. Uombe sertifika medikali. Ukienda polisi ao parke (biro ya mwendesha mashitaka), OPJ, ofisa wa polisi anayefanya uchunguzi, ataandika rekizisyo kwa daktari, ni karatasi ya kumuomba akupime kwa ajili ya kesi. Watakuambia hii ni palabre ya nyumbani mama, rudi muongee. Jibu polepole kwamba kupiga na kujeruhi ni kosa mu kode penali, siku 8 mpaka miezi 6 ya gereza, na kama ilileta ugonjwa ao kushindwa kutumika inapanda miaka 2 mpaka 5, na hakuna pahali wameandika isipokuwa bibi. Uliza kama hapo kuko wale polisi wa kulinda watoto na kuzuia violansi, hao wamezoea mambo haya, na mara nyingi kuko mwanamuke wa kukusikiliza.

Ile ya kusema umeacha ndoa, ni neno linaogopeshaga wamama kuliko fimbo. Siku unatoka, ao kesho yake, peleka barua kwa shefu wa kartie: nimetoka tarehe hii juu nilipigwa, watoto niko nao, sijakataa ndoa, nakimbiza maisha. Kasheti tena. Ile barua inajibu mambo mawili kwa mara moja, kutoroka na kuiba watoto, juu hayo njo atasema.

Kisha tunaingia tribinali ya pe, ile inayosikiliza kesi za ndoa na talaka. Ukiomba talaka, jaji anaweza kuamua kwanza mambo ya haraka wakati kesi inaendelea, kila mutu akae wapi, watoto wako na nani, bwana alipe nini ya chakula na shule. Na unaweza kuomba kwamba yeye njo atoke, wewe na watoto mubaki mu nyumba. Sikudanganye, ile haipatikanagi rahisi, jaji lazima kwanza ajaribu kuwapatanisha na wengine wanapenda sana hiyo sehemu. Wenzetu wa Kenya toka 2015 wako na sheria yake peke ya violansi ya nyumbani, jaji anakataza mpigaji kukaribia nyumba, siye tunashona kwa vipande vya kode ya familia na kode penali. Siku ya kupatanishwa usiende peke yako, na ukisema unamuogopa, sema mbele ya grefie, karani wa tribinali, aandike.

Kulala wapi. Hapa Lubumbashi nyumba za kupokea wamama waliopigwa ni chache kweli, usitegemee kwamba kuko kitanda kinakungojea. Piga 122, ni laini ya bure ya mambo ya violansi, uliza nani anapokea wakati huu. Masista wa paruasi wanasaidiaga kwa siku chache, bila kelele. Kwa dada yako ni muzuri kwa roho lakini njo kwa kwanza bwana atagonga, heri rafiki wa soko ambaye hamujui.

Ya kupanga: sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kukaa inasema garanti isipite miezi 3. Najua, utaniambia Metre wewe unaishi wapi, wanaomba 6 na zaidi. Ndiyo wanaomba, lakini ukionyesha unajua, wengi wanashuka, na chumba kimoja ku kartie ya Bongonga ao Kigoma kinaongeleka kuliko villa. Uwe na kontra ya kuandika, na resi ya garanti, juu ile garanti ni yako, inarudi siku unatoka. Mwenye nyumba akiuliza bwana yuko wapi: ile ruhusa ya bwana iliyokuwa mu kode ya zamani iliondolewa 2016. Sasa wanasema bibi na bwana wasikilizane, yeye kwako vile vile kama wewe kwake, na wakikosana anayeumia anaenda kwa jaji. Hakuna pahali wameandika mama asilale mpaka bwana asaini. Ukiona anakaza kichwa, ndugu yako asaini kontra, usipoteze wiki mbili kwa kumufundisha sheria.

Mahari ilikuliwa, sawa, ilikuliwa na wajomba. Habari ya kuirudisha inakuja mwisho kabisa, siku ya talaka, na ni palabre ya familia mbili. Haiko deni la meno yako.

Kwa wamama wengine wanaosoma hii na hawakufika ku komini, mahari tu: ndoa yenu ya familia iko, lakini watu wa inje, kama muachetaji, hawalazimishwi kuitambua mpaka iandikwe. Kama bado kuko amani kidogo mu nyumba, muende muandikishe sasa. Kama mulikaa tu pamoja bila mahari, parseli lazima uonyeshe feza yako iliingia wapi, kwa hiyo chunga hata resi ya misumari. Watoto wao haki zao hazitegemei hayo.

Mama, Jumatatu pita ku biro ya konsiltasyo ya bure ya baro (chama cha maavoka), usilipe mtu anayekuvizia ku mlango akisema yeye njo avoka. Beba akti ya ndoa, kama hauna, beba namba yake na jina la komini, kopi tutaomba. Na ukitaka kuniandikia tena, tumia simu ya yule rafiki wa soko.