Modeli ya baiolojia: uliza imeacha nini

Nimefundisha baiolojia hapa Mombasa kwa miaka mingi, na kinachoniuma ni kuona mwanafunzi hodari akikariri modeli, yaani mfano uliorahisishwa, kana kwamba ndiyo kiumbe chenyewe. Kabla hujakariri, jiulize: hii iliundwa kujibu swali gani, na ni nini kimeachwa nje?

Ile ya mapafu, yaani chupa iliyokatwa kitako yenye maputo ndani na utando wa mpira chini, hueleza vizuri sana jinsi shinikizo linavyoingiza hewa. Lakini kuta za chupa hazisogei kama mbavu, na pafu si puto tupu. Lina mamilioni ya vifuko vilivyozungukwa na mishipa ya damu. Ukiulizwa oksijeni huingiaje damuni, iweke kando.

Niipendayo zaidi ni ya hesabu. Daktari Ronald Ross, aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, baadaye aliandika milinganyo ya jinsi ugonjwa unavyoenea. Wengi waliona kupambana na mbu ni kazi bure, kwa kuwa huwezi kuwamaliza wote. Hesabu ilijibu kwamba si lazima waishe: wakipungua chini ya kiwango fulani, malaria hufifia yenyewe. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa malaria George Macdonald akaongeza jambo zito. Mbu lazima aume mara mbili: kwanza achukue vimelea kwa mgonjwa, kisha, vikishakomaa mwilini mwake kwa siku 10 hivi au zaidi, avipeleke kwa mwingine. Mbu asiyefikisha siku hizo haambukizi mtu. Ndiyo maana kupuliza dawa kwenye kuta za nyumba kuna nguvu kubwa, kwa sababu kunayafupisha maisha yake. Jicho tupu lisingeliona hilo.

Hata hivyo, milinganyo ile ya mwanzo ilichukulia kwamba watu wote hung'atwa na mbu sawasawa, na haikumhesabu mbu anayezoea dawa. Kampeni ya dunia ya kutokomeza malaria, iliyoanza 1955 ikitegemea sana DDT, dawa ya kuua wadudu, ilikumbana na mbu sugu, na 1969 mkakati ule ukaachwa.

Wanafunzi wangu huniuliza kama modeli hiyo ya hesabu itatufaa kwa dengue, homa nyingine inayoenezwa na mbu, iliyotusumbua Mombasa 2013. Mantiki inafaa, ila namba zake zote zibadilishwe. Mbu wa dengue huuma mchana, na huzaliana kwenye mapipa tunayowekea maji yanapokatika. Anza na kufunika mapipa. Neti ya usiku peke yake haitamzuia.