Mapambo ya kiangazi ya kujitengenezea: kwanza amua yatakaa wapi

Mleta mada umeuliza mambo matatu: mapambo gani ya nyumbani mtu asiye fundi anaweza kujitengenezea msimu huu wa joto, watoto walio likizo washike kazi gani, na yote yafanyike bila kutoboa kuta kwa kuwa nyumba ni ya kupanga. Waliotangulia wamekutajia vitu vingi vizuri, sina haja ya kuvirudia. Naongeza jambo moja ambalo sijaona likiguswa. Kabla hujashika mkasi, amua pambo litakaa wapi: dirishani panapopigwa na jua la mchana, barazani penye upepo, au ndani kivulini. Ukishajua hapo ndipo uchague gundi, rangi na kamba. Pambo la kivulini ukilipeleka juani, halifiki mwisho wa msimu.

Nianze na gundi, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Ile ya vijiti inayoyeyushwa kwa bastola ya umeme inapendwa kwa sababu inashika papo hapo. Sasa kitu kinachoyeyuka kwa moto kitalainika kwa joto pia. Bandika makombe ya baharini kwenye fremu kwa gundi hiyo, iweke nyuma ya kioo cha dirisha, na mchana mmoja utasikia tik! kombe liko sakafuni. Kesho yake linafuata la pili. Kwa vitu vya kivulini haina neno, naitumia sana. Vya juani navifunga kwa uzi, au natumia epoksi, ile ya mirija miwili unayochanganya. Gundi nyeupe ya maji inatosha kabisa kwa karatasi na kitambaa, ila isiwe mahali pa kurushiwa mvua, ikilowa inaachia. Bastola ya gundi mtoto mdogo asiiguse: gundi inaunguza, halafu inang'ang'ania kwenye ngozi.

Rangi nayo ina tabia yake. Watu hupaka juani wakidhani itakauka haraka na kazi itaisha. Inakauka haraka kweli, lakini juu tu. Chini bado mbichi, brashi ikirudi pale pale inabeba ngozi ya rangi, na alama za brashi zinabaki. Paka kivulini, mkono mwepesi, acha ikauke, rudia mara ya pili. Kwa mawe na vyungu vya maua vitakavyokaa nje, rangi ya akriliki ikifuatiwa na vanishi ya nje inakaa vizuri. Mawe yaoshwe na yakauke kabisa kwanza, maana yenye unyevu yanabandua rangi.

Kwa watoto, acha jua lenyewe lifanye kazi. Kuna karatasi inayopakwa dawa ya chumvi za chuma, inauzwa ikiwa tayari ndani ya bahasha nyeusi. Mbinu yenyewe iligunduliwa mwaka 1842 na mwanasayansi Mwingereza John Herschel, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Anna Atkins akaanza kuitumia kuchapa picha za mwani. Fanya hivi: chumbani penye mwanga hafifu, toa karatasi, panga juu yake majani, manyoya, lesi, chochote chenye umbo la kupendeza. Kandamiza kwa kipande cha kioo ili upepo usivuruge. Toka nayo juani. Kwa jua kali ni dakika chache tu, na utaiona karatasi ikibadilika mbele ya macho yako. Rudi ndani, suuza kwenye beseni la maji hadi maji yatoke safi. Palipopigwa na jua panabaki buluu iliyokolea, palipofunikwa panabaki peupe, na mishipa ya jani jembamba nayo huonekana. Msishtuke ikitoka imefifia, buluu huendelea kukolea inapokauka.

Majani ya kangaga (kwa Kiingereza fern) ndiyo yanayotoa picha nzuri kuliko yote, kwa maoni yangu, kwa sababu yamelala bapa na yana meno madogo madogo ukingoni. Ua nene halifai. Linaacha mwanga upenye chini yake na picha inatoka na ukungu. Picha hizo ukizitia kwenye fremu usizitundike mkabala na dirisha, zinapauka. Zikipauka, zitoe uziweke gizani siku kadhaa na sehemu kubwa ya buluu itarudi. Ukichapa juu ya kitambaa cha pamba, kwa mfano foronya, usikifue kwa sabuni kali ya unga, hiyo inakula rangi moja kwa moja.

Kama karatasi hiyo haipatikani, chukua karatasi ya rangi ya kawaida, ile ya bei nafuu ya watoto ya kukatakata, panga majani juu yake na uiache juani siku nzima. Karatasi itapauka, chini ya majani rangi itabaki. Hapa ile ya bei rahisi inaishinda ya ghali kwa sababu rangi yake haistahimili jua, na ndicho tunachotaka. Ila itaendelea kupauka ukutani. Hesabu kuwa ni pambo la msimu mmoja.

Kazi ya pili ninayoipenda ni kamba ya kuning'iniza chungu cha maua. Wengi wakisikia makrame, yaani kusuka kamba kwa mafundo, wanaogopa, wanafikiria yale mafundo ya ajabu. Kwa chungu unahitaji fundo moja tu, lile unalofunga kila siku. Kata kamba 4 za pamba, kila moja mita 3. Zikunje katikati zote pamoja, pitisha kwenye pete ya chuma au ya mbao, na ufunge fundo kubwa moja chini ya pete. Sasa una nyuzi 8 zinazoning'inia. Zigawe mbili mbili upate jozi 4. Shuka kama nusu mita, kila jozi ifungwe fundo, yote yawe usawa mmoja. Kisha ndiyo sehemu inayochanganya watu: chukua uzi mmoja kutoka jozi hii na mmoja kutoka jozi jirani, zifunge pamoja sentimita 8 hadi 10 chini ya mafundo ya kwanza. Endelea kuzunguka. Wa mwisho unafungwa na wa kwanza, na hapo kamba inajifunga duara kama wavu. Shuka tena sentimita 8 hivi, kusanya nyuzi zote 8, funga fundo moja nene, na zinazobaki chini zikate sawa zibaki kama shada.

Weka chungu ndani kabla hujakaza fundo la mwisho. Chungu kikubwa kinataka nafasi kubwa kati ya mafundo, na ukikaza bila kupima itabidi ufungue yote. Kumbuka pia kwamba udongo uliomwagiwa maji unaongeza uzito sana, kwa hiyo ndoano ipimwe chungu kikiwa kimelowa. Kamba ya pamba ndani ya nyumba inadumu. Nje kwenye mvua inaota ukungu, huko tumia ya nailoni.

Kuhusu makombe ya baharini: kabla ya kuokota hakikisha mwenyewe hayumo ndani, na ujue kama ufuo huo unaruhusu kuokota, maana sehemu nyingine ni marufuku. Angalia yale yenye tundu dogo la mviringo, safi kana kwamba fundi amepitisha keekee. Hilo tundu limetobolewa na konokono wa baharini mla nyama, anayechimba ganda ili amle aliye ndani. Kwako wewe ni kazi iliyokwisha kufanywa. Pitisha uzi, ning'iniza makombe kwa urefu tofauti kwenye kijiti, na upepo ukipita yanagongana kwa sauti nyembamba. Gundi hapa haina kazi. Makombe yaoshwe kwanza kwa maji ya sabuni na brashi ya meno, yalowekwe, kisha yakauke kabisa, la sivyo nyumba itanuka.

Chupa za kioo zilizokwisha kutumika sitazielezea sana, kila mtu anazijua. Loweka kwenye maji ya moto kutoa lebo, gundi iliyobaki isugue kwa mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na magadi. Tia mchanga chini, mshumaa mfupi juu yake. Karatasi laini za rangi zibandikwe nje ya chupa, kamwe zisiwe ndani karibu na moto. Penye watoto au mapazia weka taa ndogo ya betri, mimi nimeacha mishumaa kabisa.

Maua ya kukausha kwa kubana ndani ya vitabu ni mazuri, ila chuma yale membamba, na uchume baada ya umande kukauka. Yabane katikati ya karatasi inayonyonya maji, na siku za mwanzo karatasi hiyo uibadilishe. Wiki mbili tatu zinatosha kwa kawaida. Kama hewa ni nzito kwa unyevu, hiyo kazi iahirishe, utapata maua ya kahawia.

Sasa kuta. Zile ndoano za kubandika zinaweza kukusaidia, lakini futa ukuta kwa spiriti kwanza, subiri muda ulioandikwa kwenye pakiti kabla ya kutundika, na usizitwishe chungu cha maua hata siku moja. Rangi ya ukuta ikiwa ya chokaa au inayopukutika, hazitashika na zitaondoka na rangi, mwenye nyumba aje na maneno yake. Kwa hiyo vitu vizito mimi navitundika kwenye bomba la pazia lililokwisha kuwapo au kwenye nondo za dirisha. Picha za buluu naziegemeza tu juu ya rafu. Kama hakuna rafu, tandaza uzi kutoka upande mmoja wa bomba la pazia hadi mwingine na uzibane kwa vibanio vya nguo, dirisha lile lisilopigwa na jua.