Trekta limefika shambani: plau, haro au ripa?

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii ni ya wakulima wanaokodi trekta na hawana uhakika wadai zana gani ifungwe nyuma: plau inayopindua udongo, haro ya diski inayoukatakata juu, au ripa, jino la chuma linalopasua ardhi bila kuipindua. Nimechagua manne.

Dereva anasema haro inatosha, plau ni kumaliza dizeli bure. Ni kweli? (Kiteto)

Kwa msimu mmoja, kwenye shamba lililopigwa plau mwaka jana na lisilo na majani mengi, haro yaweza kutosha. Ubaya ni kuifanya desturi. Haro hukata juu juu, sentimita 10 hadi 15 hivi, na kila mwaka uzito wake na wa trekta hushindilia udongo wa chini palepale. Mwishowe hujengeka tabaka gumu.

Litafute mwenyewe. Siku moja au mbili baada ya mvua nzuri, choma ardhi kwa nondo nyembamba: itazama vizuri, halafu itagoma ghafla. Au chimba shimo la kina cha goti kando ya muhindi, upukute udongo taratibu mpaka mizizi ionekane. Mzizi ulioshuka kidogo ukakata kona kwenda pembeni umegonga tabaka hilo. Shamba la namna hiyo mvua ikinyesha maji hutuama, jua likiwaka wiki moja mahindi hunyauka, na lawama zote huenda kwa mvua.

Kumbuka pia kwamba dereva analipwa kwa ekari, halipwi kwa kina. Kubalianeni kina kabla hajawasha, kisha ingia na rula kwenye mfereji wa kwanza upime. Akishamaliza shamba umechelewa.

Mvua zetu huanza Desemba. Nilime Septemba udongo ukiwa mkavu, au nisubiri? (Kongwa)

Inategemea zana. Plau isubiri mvua za kwanza. Udongo wenu ukikauka huwa mgumu ajabu: Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga hapo Kongwa mwaka 1947, zana zililika haraka kwa mchanga mkali uliomo kwenye udongo huo, na kiangazi kilipoukausha, karanga zenyewe zikawa hazichimbuki. Mradi ukaachwa mwaka 1951. Ukilazimisha plau Septemba utavuna mabonge yasiyovunjika hata kwa haro mbili.

Ripa ni kinyume kabisa, inataka ukavu. Jino lake likipita kwenye udongo mkavu, ardhi hupasuka na nyufa hukimbia pande zote. Kwenye udongo wenye maji hupita kama kisu kwenye sabuni na kuacha ufa mwembamba usio na faida. Kwa hiyo kama una tabaka gumu, Septemba ndiyo wakati wako. Jino lishuke chini kidogo ya tabaka: tabaka likiwa kwenye kina cha sentimita 20, nenda 25. Piga mistari kwa nafasi ya sentimita 75 hadi 90, mvua ikija upande mahindi humo humo. Magurudumu yakianza kuzungukia mahali pamoja, toa jino moja. Usikubali dereva apunguze kina.

Nalima mpunga. Rotaveta itaniharibia udongo? (Mbarali)

Kwenye majaruba, hapana. Kuvuruga tope kwa visu vinavyozunguka ndiyo kazi yake, na tabaka gumu linalomtesa mwenzako wa Kiteto ndilo linalokushikia maji wewe. Usipitishe ripa hapo. Rotaveta hiyo hiyo usiikodi kwa shamba la mahindi lililokauka. Itasaga udongo kuwa vumbi, na mvua ya kwanza itaufunga juu kwa gamba ambalo mche hautoboi.

Plau ya diski tatu inavuta trekta pembeni na kuacha sehemu hazijalimwa. Kosa ni la nani? (Babati)

Mara nyingi ni marekebisho. Angalia gurudumu dogo la nyuma ya plau: linapaswa kukaa ndani ya mfereji na kubana ukuta wake. Likiwa limelegea au limeinuka, plau yote huchezea upande. Kisha tazama upana wa magurudumu ya trekta, maana diski ya mbele ikikata pana au nyembamba kuliko za nyuma, mistari haiwezi kulingana. Plau ikiwa imeinuliwa, shika kila diski kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza, beringi imekwisha, na mwenye trekta aibadilishe kwa gharama yake kabla hajaanza kukuhesabia ekari.