Mishipa ya fahamu, na mkono uliojitoa wenyewe

SWALI: Nauza chakula Soko la Mbuyuni, Moshi. Juzi nilishika sufuria ya makande bila kitambaa, mkono ukajitoa wenyewe kabla sijajua kama nimeungua. Binti yangu wa kidato cha pili akasema hiyo ni kazi ya mishipa ya fahamu. Fahamu gani, na mimi nilikuwa bado sijafahamu? Kwenye daftari aandikeje?

JIBU: Pole kwa kuungua, mama. Fahamu iliyomo kwenye jina hilo siyo ya "nimefahamu". Ni ile ya milango ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Hapo maana yake ni kuhisi. Hata hivyo jina linataja nusu tu ya kazi, kwa sababu mingine ya mishipa hiyo haihisi chochote, inapeleka amri kwenye misuli. Na mshipa wenyewe umeshabebeshwa mengi: upo wa damu, upo wa shingoni kwa mtu anayefoka, na ukisikia fulani "ana mshipa", huenda anaumwa ngiri. Mimi napendelea neva. Ni neno la kukopa, lakini limeshakuwa mwenyeji.

Ngozi ilipokutana na moto, seli za neva zilipitisha mapigo ya umeme. Si umeme wa kwenye nyaya za TANESCO. Ni chembe za sodiamu zenye chaji zikiingia ndani ya seli na za potasiamu zikitoka, hatua kwa hatua mpaka ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo. Huko seli zikapokezana ujumbe kwa kemikali, na amri ya kuvuta mkono ikatokea hapohapo. Ubongo ulipata habari mkono umeshaondoka. Neva za kasi kabisa hufikia mita 120 kwa sekunde: Arusha hadi Moshi, kilomita 80 hivi, dakika 11, bila kusimama Usa River. Zile za maumivu ya kuwaka yanayofuata baadaye huenda kama mita 1 kwa sekunde. Zikiondoka Arusha saa 1 asubuhi, Moshi zinaingia kesho yake saa 11 alfajiri.

Sasa daftari. Asiandike "tendo la bila fahamu". Aliye bila fahamu ni mgonjwa aliyezirai. Wewe ulikuwa macho, ulichokosa ni hiari. Aandike "tendo lisilo la hiari". Moyo nao unapiga bila hiari yako, ingawa ukitulia unafahamu unavyodunda.

Wewe ulivyosimulia, "mkono ukajitoa", uko sahihi kuliko vitabu vingi. Ungeweza pia kusema "nilijikuta nimeshauvuta": hiyo -jikuta inaonyesha kwamba mwenye mkono alifika jambo limekwisha. Ungesema "niliuvuta mkono", wateja wangedhani uliamua.